Mkwe wa Mstari Mmoja

Gazeti huingia kijiweni kwetu likiwa la mtu mmoja na hutoka likiwa la wote, limekunjwa ovyo na kila habari yake imekwisha kusahihishwa. Kijiwe chenyewe ni benchi refu lililo baina ya duka la fundi nguo na kibanda cha kinyozi. Asubuhi ile ya Jumamosi gazeti lilikuwa mikononi mwa Redio, mwalimu mstaafu, ambaye tangu alipojua alfabeti hajapata kusoma habari kimyakimya.

"Sikilizeni!" akasema. "'Maonyesho ya sanaa ya kisasa yavuta umati. Kazi inayozungumzwa kuliko zote ni kitambaa cha mita sita kwa nne, kilichopakwa rangi nyekundu kizima, kikapitishwa mstari mmoja mweupe.'"

"Mmoja tu?" akauliza Wembe, kinyozi, aliyetoka nje na mkasi mkononi huku mteja wake akingoja ndani, nusu kanyolewa nusu bado. "Mimi nikimpitisha mtu mstari mmoja kichwani nikamwambia tayari, hii ni sanaa, si nitalala polisi?"

"Punguza utani. Itazame picha ya msanii."

Wembe akaitazama. Akamtazama fundi nguo. Akairudia picha.

"La haula! Pindo, hebu njoo. Huyu si mkweo?"

Pindo ndilo jina la kijiweni la fundi nguo, kwa kuwa hawezi kukusalimu bila ya kukugeuzia ncha ya shati aone ilivyopindwa. Binti yake mkubwa alikuwa ameletewa posa wiki mbili nyuma na mjomba wa kijana, pamoja na picha ambayo sote tuliiona, na jibu lilikuwa limeahidiwa siku ile ile, baada ya swala ya alasiri. Sote tulijua kwamba mposaji ni mwenye lori, maana Pindo mwenyewe ndiye aliyetutangazia, hata tukawa tumekwisha kumhesabia matairi.

Akalipokea gazeti, akalisogeza karibu na macho, akalipeleka mbali. "Ndiye," akasema.

"Na lori?" akauliza Redio.

"Silioni."

"Labda limeegeshwa nyuma ya kitambaa," akasema Randa, seremala, mtu mpole ambaye maneno yake hutoka machache kama vumbi la mbao ngumu.

Pindo hakucheka. "Mtoto wa watu anakuja kuniomba binti, kumbe kazi yake kupiga mstari! Mwanangu atakula mstari? Atavaa mstari?"

"Usipowatosha watapiga wa pili," akasema Wembe.

"Ninyi hamjui," akaingilia Redio. "Sanaa ya kisasa haieleweki kwa kutazamwa. Sharti ukae nayo."

"Mimi nimekaa na wewe miaka ishirini," akajibu Randa, "na mpaka leo bado."

Kicheko kilipotulia, Randa akamgeukia Pindo. "Mzee mwenzangu, kusikia si kuona. Angekuposea mkulima, usingekwenda kulitazama shamba? Basi inuka tukalione shamba lake, kisha ukatae kwa haki."

Tukaenda watano: hao wanne nami. Wembe alimwachia mteja wake kioo na ahadi.

Jumba la maonyesho lilikuwa ni bohari la zamani lililopigwa chokaa, na wageni wake walitembea kwa ncha za vidole kana kwamba chumba cha pili kuna mgonjwa. Mlangoni tulikuta viti kumi na viwili vimepigiliwa misumari darini, miguu juu.

"Hivi viti," akauliza Randa kwa huzuni, "vilikosa nini?"

Mbele yake palikuwa na lundo la nywele zilizokatwa, limezungushiwa kamba ili lisiguswe. Wembe akasimama akishika kiuno. "Ala! Kumbe kila jioni nazoa maonyesho mazima nakwenda kuyatupa!"

Ndipo tukafika kwenye kile chekundu. Kilikuwa kimening'inizwa kwa minyororo, kimeachana na ukuta kwa hatua moja, na ukingo wake wa chini ulikuwa usawa wa magoti. Kando yake ukutani palibandikwa karatasi, na Redio, bila ya kuombwa, akaisoma kwa sauti.

"'Bila Jina. Msanii anahoji mipaka ya ukimya ndani ya mwili wa nafasi.'"

"Kila neno nalijua," akasema Randa, "ila yakikaa pamoja hayasalimiani."

"Na hata jina hakuipa," akasema Pindo. "Baba gani huyo asiyempa mwanawe jina? Nimeona ya kutosha. Jioni mjomba wake akija, jibu ni hapana. Twendeni zetu."

Akageuka. Lakini mtu huacha kazi dukani, jicho akatembea nalo. Alipokuwa akiupita ule mstari kwa upande, akasita, akakunja uso.

"Mstari huu una mgongo," akasema.

Akaivuka kamba iliyowazuia wageni mbele ya kitambaa. Binti mlinzi wa chumba akaja mbio. "Mzee wangu, hairuhusiwi kugusa!"

"Sigusi, mwanangu. Nasoma."

"Maelezo yapo pale ukutani, baba."

"Ya pale ameandika asiyejua kusoma." Na kabla hajazuiwa, Pindo akazunguka, akapotelea nyuma ya kitambaa, ikabaki kuonekana miguu yake yenye ndara tu chini ya ule wekundu.

Wageni wakaanza kukusanyika. Bwana mmoja mwenye miwani ya duara na skafu shingoni akainamisha kichwa. "Ajabu," akanong'ona. "Hii miguu inatufanya tuhisi kutokuwapo kwa mtu."

"Mtu yupo," Wembe akamwambia. "Ni fundi nguo."

"Subhanallah!" ikasikika kutoka nyuma.

"Kumbe ina na sauti!" akasema bibi mmoja, akitoa simu apige picha.

Randa akainama. "Pindo, umepatwa na nini huko?"

"Njooni. Njooni wote, mshuhudie."

Tukaenda, na kazi ile ikawa na miguu kumi. Nyuma hapakuwa na rangi. Kilikuwa ni kitambaa kizito cha kijivu, na Pindo amesimama mbele yake kidole kikielea hewani, hathubutu kukigusa.

"Ule si mstari," akasema taratibu. "Ni mshono. Haya ni mapana mawili ya kitambaa, yameungwa kwa mshono wa kulazwa; ncha zilizokunjwa pamoja ndizo ule mgongo. Mstari mweupe ameupitisha juu ya mshono, mwanzo hadi mwisho, hakutoka nje hata upana wa sindano. Na tazameni: kila baada ya shibiri, uzi umerudi nyuma mara tatu."

"Mara tatu ndiyo nini?" akauliza Redio.

"Ndiyo binti yangu. Hakuna mwingine arudishaye mara tatu. Miaka yote namgombeza: unapoteza uzi, mara moja yatosha. Yeye hunijibu, baba, kitambaa hakivutwi mara moja."

"Na kimefikaje huku?"

"Huyu mjomba mtu, dereva wa lori, alikileta dukani miezi mitano iliyopita. Akasema kiungwe, ni kazi ya mpwa wake. Nami nikajua ni cha kufunikia mzigo! Nikajua mpwa ana lori!"

Wembe akacheka mpaka akashika mnyororo asianguke. Kitambaa chote kikayumba, na upande wa pili watu wakapiga makofi. Kisha akaacha kucheka, ghafla.

"Lakini tusitanie tu. Mwingine angeupaka ule mshono rangi nyekundu ukapotea. Huyu kitambaa kizima amekipaka ili mshono uonekane."

"Na jina," akasema Randa, "angeandika lipi? La binti wa watu, ukutani, kila apitaye alisome? Huyo kijana ana adabu, Pindo."

Pindo akajifuta pua kwa ncha ya futikamba iliyoning'inia shingoni mwake, na sote tukajifanya hatukuona.

Baada ya alasiri mjomba wa kijana akafika kijiweni, amevaa shati lililopigwa pasi, akakaa ukingoni mwa benchi kama akaavyo mtu mwenye haja.

"Mpwa wako hana lori," akaanza Pindo.

"Hana, bwana. Hata mimi naendesha la tajiri. Kwani nani alisema analo?"

Sote tukamtazama Pindo. Pindo akaitazama barabara.

"Tuyaache hayo. Niambie, alimjuaje binti yangu?"

"Wallahi hajapata kumwona. Nilipompelekea kitambaa, alikaa nacho wiki nzima asikitie brashi. Akaniuliza, mjomba, nani kashona hiki? Nikamwambia binti wa fundi. Akafanya kazi miezi, na alipomaliza kukipaka akasema, basi nenda kaniulizie kama yule binti ameposwa. Ndipo nikaja."

Pindo akavuta pumzi. "Kwangu mimi hakuna kizuizi. Ila mwenye neno ni mwenye mkono." Akaita kwa ndani, na cherehani ikasimama. Binti akatokea mlangoni, kastabini kidoleni.

"Mama, tumetoka kuiona kazi ya huyu kijana."

"Nami nimeiona, baba. Juzi nilikwenda na shangazi."

"Usiniambie?"

"Ulikuwa umeshughulika na matairi, baba."

Wembe akaukabili ukuta, mabega yakimtikisika. Pindo akakohoa. "Basi, unasemaje? Mjomba wake huyu hapa, anangoja."

Binti akamwelekea mgeni, akainamisha macho. "Shikamoo, mjomba. Mwambie rangi imekivuta kitambaa upande wa kushoto, mshono wangu umeanza kwenda upande. Amekipaka kikiwa kikavu. Angeuliza, ningemwambia akiloweshe kwanza akianike. Na kile kingine atakacholeta, asikitundike kwa ncha mbili, akitundike na kwa katikati pia. Na awe anakula. Pichani gazetini amekonda."

Akarudi ndani, na cherehani ikaanza tena, kwa kasi kuliko mwanzo.

Mjomba mtu akabaki ametumbua macho. "Sasa ndugu zangu, hii ni ndiyo au ni hapana? Mimi nikamwambie nini kijana?"

Redio akafumbua kinywa apate kufafanua, lakini Wembe akamwahi.

"Kamwambie amtafute shekhe upesi, bwana. Mwanamume akianza kukosolewa namna hii, huyo haposi tena, ameshaoa."