Mama Kulwa na Seva Isiyoingilika

Leo nimeadhirika, jamaa zangu. Asiyeweza kubana kicheko aifute barua pepe hii sasa hivi.

Mnajua niko Geita, ofisi ya watafiti wa dhahabu pale Kalangalala, fundi kompyuta pekee (na nilivyojisifu kwenu, mlikoma). Kompyuta tano, seva moja. Seva nikaibatiza Kulwa, kwa heshima ya mchapaji wetu Mama Kulwa, mwenye mapacha na mwenye chai. Kisha nikaandika programu ya kufuta faili zilizokwisha kazi (isipoambiwa zipi, inafuta zote). Hiyo nikaiita Doto, jina la pacha wa pili, kwa kuwa inamfuata Kulwa kila Jumamosi.

Sasa, mfumo wetu ulikuja na zana ya kukagua mtandao. Unaandika jina la mashine, inakujibu kama iko hai. Mwezi uliopita ikaja barua ya onyo: zana hiyo ina tundu. Mtu akiweka alama ya & (ile ya "na") baada ya jina, neno linalofuata seva inalitekeleza kama amri, hata akiwa chumba kingine, bila kuulizwa chochote. Nikaichapa barua ile. Nikacheka. Nani Geita atajua hayo?

Leo saa nne akaja mgeni kutoka makao makuu. Mkataba wangu unaisha Ijumaa na yeye ndiye wa kuamua. Bosi wetu, Mzee Mashimba, kasimama pembeni. Ndani ya seva mna matokeo ya miezi mitatu ya kuchoronga miamba Rwamgasa.

"Mtandao wangu hauingiliki," nikasema. (Kwa mdomo huu huu.) Nikapaza sauti kuelekea chumba cha pili: "Mama Kulwa, shikamoo! Hebu kagua seva, andika jina lake!"

"Marahaba mwanangu! Naandika."

Skrini ya seva mbele yetu ikajibu: hai. Nikatabasamu. Halafu mistari ikaanza kushuka. Imefutwa. Imefutwa. Imefutwa.

"Tumevamiwa!" Nikang'oa waya wa mtandao. Haikuacha! Nikamwamuru mlinzi afunge geti. Akapuliza filimbi, akamkamata mama muuza karanga. Nikang'oa na waya wa umeme, nikaketi sakafuni nimeukumbatia.

"Mayu wane!" Mzee Mashimba akamwita mama yake kwa Kisukuma, akashika kichwa. "Rwamgasa yote?"

"Imekwenda, mzee." Nusura nilie. (Sawa, nililia kidogo.)

Mgeni hakupandisha sauti. "Kabla hujazima niliona amri ilikotoka," akasema. "Chumba cha pili."

Tukaenda. Mama Kulwa katulia, miwani puani. Kwenye skrini yake: kulwa & doto.

"Mama, nilisema jina la seva tu!"

"Mwanangu, Kulwa anatajwaje peke yake? Umtaje mmoja, mwenzake unamtakia nini? Kwangu hata kiazi nakata mara mbili."

Mgeni akanigeukia. "Onyo la tundu hili hukulipata?"

Nikafungua mdomo kudanganya. Ndipo Mama Kulwa akanyanyua kikombe changu kilichokuwa mezani kwake. "Si karatasi hii? Huwa anaiwekea kikombe, meza isichafuke." Lilikuwa onyo lenyewe, lina maduara manne ya chai. Niliiomba ardhi ipasuke, ikagoma.

"Na nakala?" Mzee Mashimba akauliza kwa sauti ya msibani. (Nakala nilipanga kufanya Ijumaa. Ijumaa fulani.)

Mama Kulwa akavuta droo. Disketi, mafungu mawili, kila fungu na mpira wake. La kwanza limeandikwa Kulwa, la pili Doto. Kila jioni alikuwa ananakili matokeo yote mara mbili, nami nilikuwa namcheka kwamba bado anaishi enzi za taipureta.

Mkataba nimepewa: miezi mitatu ya majaribio, msimamizi wangu Mama Kulwa. Kesho naziba tundu, kisha naosha vikombe, kisha naenda kumwomba radhi muuza karanga.

Tafadhali msinicheke. Mkishindwa, chekeni mara mbili. Huku kitu hakiachwi kimoja.