Mpango wa Ndovu

Gachau alikuwa na pua ya pesa. Wengine hunusa mvua, wengine hunusa chapati kwa jirani. Yeye alinusa noti. Alhamisi hiyo alikuwa anakatiza Kiandutu, pale Thika, begi zito begani, wakati pua yake ilipomwambia asimame.

Nyuma ya nyumba ya mabati aliona wamama kumi na wawili wameketi kwenye mabenchi, wote wamevaa kitenge cha manjano kilichoandikwa "Jiko Bora Women Group". Mmoja wao, mwembamba mwenye miwani, alikuwa anahesabu noti kutoka kwa mkebe wa mafuta ya kupikia. Huyo alikuwa Wakonyo, katibu wa chama.

"Elfu ishirini na nne," akasema. "Hakuna iliyopotea."

Gachau akajua Mungu hajamsahau, ingawa ulikuwa muda mrefu tangu waongee.

Ndani ya lile begi mlikuwa na boksi kumi na mbili za simu, zimefungwa kwa nailoni mpaka zinang'aa. Ndani ya kila boksi mlikuwa na kipande cha kigae cha bafuni, kimepimwa kwenye mizani ya mwuza nyama ili kiwe na uzito wa simu. Gachau hakupenda kazi ya ovyo. Simu ya kweli ilikuwa moja tu, ya kuonyesha, na hata hiyo alikuwa ameichukua kwa kampuni kwa malipo ya hamsini kila siku. Asipolipa, inajifunga yenyewe na kuandika jina lake kwenye kioo.

"Wamama warembo, sasa?" akasalimia.

"Poa," akajibu mwenyekiti, mama mnene aliyekaa kwenye kiti peke yake. Aliitwa Benta na aliuza omena, wale dagaa wakavu, sokoni. "Kama ni dawa ya mende, tulinunua jana. Mende wanaendelea vizuri."

Wenzake wakacheka. Gachau naye akacheka kuwashinda, maana mtu aliyecheka nawe ni vigumu kumfukuza. Akatoa simu yake, akaipitisha mkono kwa mkono, wakajiona kwenye kamera, wakarekebisha vilemba. Kisha akawaeleza mipango yake miwili. Kulikuwa na Mpango wa Swara, wa watu wenye haraka: unalipa pesa nyingi mara moja na kumaliza. Na kulikuwa na Mpango wa Ndovu, wa watu wenye hekima: unatoa elfu mbili leo, unapewa boksi yako, halafu unatembea pole pole na hamsini kila siku kwa mwaka mmoja. Boksi isifunguliwe kabla ya Jumatatu, akasema, kwa sababu mtandao lazima uipokee kwanza. Alisema hivyo kwa uso wa mtu anayesoma Biblia.

"Na hiyo hamsini natoa wapi?" Benta akauliza. Yeye ndiye aliyeitaka simu kuliko wote. Wateja wake wa Juja na Witeithie walikuwa wanaagiza omena kwa WhatsApp siku hizi, na yeye alikuwa na kisimu kidogo cha tochi, ambacho hakikujua WhatsApp ni nini.

"Mum, hamsini ni nini? Ni chai na chapati mbili. Hamsini kwa siku, hata hutasikia."

Wakonyo alikuwa tayari ameinamia daftari. "Ni elfu kumi na nane mia mbili hamsini kwa mwaka, bila ile elfu mbili. Hapo Thika mjini simu kama hii ni elfu kumi na moja."

"Kwa mwenye elfu kumi na moja," Gachau akasema kwa upole.

Hakuna aliyekuwa nayo.

Benta akaitazama simu, akazitazama boksi, akautazama mkebe. Kisha akapumua na kusema mpango ni mzuri, shida ni katiba. Katiba ilikuwa daftari la kurasa tisini na sita, limevikwa gazeti. Wakonyo akafungua sheria ya nne: pesa ya chama haitolewi kwa mkono wa mtu asiye mwanachama. Na sheria hiyo haikuwa imevunjwa hata mwanachama alipougua.

"Basi niandikeni," akasema Gachau.

Kujiandikisha kulikuwa mia tano. Kitenge, ambacho lazima kila mwanachama avae, kilikuwa mia nane. Simu yake ikalia, faini hamsini. Akauliza faini ya nini, faini nyingine hamsini, maana kubishana na faini kulikuwa na sheria yake. Gachau akalipa yote akitabasamu. Mkulima haililii mbegu, alijiambia, na alijiona mkulima.

Hapo ndipo Benta akasema neno lililomfanya asahau kabisa kuuza simu. Mwezi huu zamu ya kupokea mchango wa wote ilikuwa yake, lakini angempisha mwanachama mpya. Jumapili chama kizima kingemtembelea nyumbani, kama ilivyo desturi, kimpelekee zamu yake. Wakirudi ndio wangeongea habari ya simu.

"Elfu ishirini na nne?" Gachau aliuliza.

"Mpaka shilingi ya mwisho."

Hilo tu ndilo alilouliza. Mtoto yeyote wa Kiandutu angeuliza jambo lingine kwanza.

Ila mwanachama mpya akipokea huacha rehani, asije akatoroka kabla hajawachangia wengine. Miwani ya Wakonyo ikageukia simu, ikashuka kwenye boksi. Gachau akapiga hesabu haraka. Simu ingejifunga kesho, na boksi zilikuwa vigae. Akaacha vyote, akaaga, akaenda zake anapiga mluzi.

Alikaa Gatongora, kule Ruiru, katika ploti ya kupangisha ya Mama Muigai. Kwa kawaida hakuna mtu aliyejua anapolala, lakini safari hii alikuwa amewaelekeza wamama, wala haikumsumbua. Jumapili angepokea, Jumatatu asubuhi angekuwa Nakuru. Nguo zake zilishaingia kwenye sanduku. Kitu kimoja tu kilimwuma: mpokeaji hulisha wageni. Akanunua kuku watatu, unga, mchele na kreti mbili za soda, akamlipa jirani apike. Elfu nne na mia saba zikaenda. Akaziita gharama za ofisi.

Jumapili saa nane wakaja wakiimba. Ploti nzima ikatoka nje. Gachau akasimama mlangoni na kitenge chake cha manjano, akitafuta kwa macho ni nani amebeba bahasha. Hakuiona. Aliona sufuria. Zilikuja juu ya vichwa, ndogo ndani ya kubwa. Zikafuata sahani za maua, vikombe dazeni mbili, chupa tatu za chai, jiko la makaa, na kikaango cha kutosha harusi. Wakavipanga kitandani, vikajaa, wakavipanga juu ya sanduku lake la safari.

"Na pesa?" akanong'ona.

"Ndiyo hiyo," akasema Benta. "Sisi ni chama cha vyombo. Tunanunuliana vyombo. Jiko Bora, kijana, ulidhani tunauza gesi? Risiti ziko, elfu ishirini na nne."

Walikula kuku wote watatu. Mama Muigai, mwenye ploti, aliona sufuria zile akalia machozi, akasema miaka yote alidhani huyu kijana ni mkora, kumbe anajenga jiko. Akajiandikisha papo hapo.

Walipokuwa wanakunywa soda, Benta akamvuta Gachau kando, karibu na karai la vyombo vichafu. Akaongea kwa sauti ya chini, kama mtu anayempa mwenzake bei ya siri.

"Uliacha simu kumi na mbili Kiandutu, ukaenda bila kugeuka nyuma. Nani huacha simu kumi na mbili? Tukafungua. Tiles ni nzuri. Wakonyo amepima bafu yake, zimepungua mbili tu."

Gachau akatazama geti la ploti. Benta akasogea mbele yake.

"Ile ya kweli ilijifunga Ijumaa, ikatuonyesha jina lako. Nikalipa hamsini, ikafunguka. Sasa nina mipango miwili, uchague mwenyewe. Kuna wa Swara: tunabeba boksi zako saa hii mpaka polisi, unamaliza leo leo. Kuna wa Ndovu: unalipia ile simu hamsini kila siku mpaka deni liishe, halafu inabaki kwangu. Na mchango wa chama kila mwezi, kama sisi wote. Vyombo ni vyako, hakuna aliyekuibia."

"Na nikihama?" Gachau aliuliza, kwa kutaka kujua tu.

Benta akamwonyesha simu. Kwenye kioo alikuwa Gachau mwenyewe, na kitenge cha manjano, amekumbatia sufuria. Picha ilikuwa imepigwa nusu saa iliyopita na ilishafika kwa vyama vyote vya wamama, Thika, Witeithie, Juja mpaka Ruiru. Chini yake paliandikwa: "Mwanachama wetu mpya, tumpende."

"Hayo maneno," akasema Benta, "yanaweza kubadilishwa."

Mtu wa kazi ya Gachau huishi kwa uso usiojulikana. Aliutazama uso wake pale, unang'aa kama sufuria yenyewe.

"Ndovu," akasema.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla hajanywa chai kutoka kwa mojawapo ya chupa zake tatu, kisimu chake kipya cha tochi hulia. Ni Benta, kutoka sokoni, kwa kisimu chake cha zamani, na nyuma yake wateja wanaitana.

"Member, umeamka? Simu imejifunga, na kuna mtu wa Juja anataka gunia mbili."

"Mum, jana tu nimetuma. Leo hali ni ngumu."

"Hamsini tu, mwanangu," Benta humwambia, na sauti yake ni tamu kabisa. "Hata hutasikia."