Chuma Mguu wa Kulia, Plastiki wa Kushoto

Jumatatu, 3 Juni

Siku mbaya. Halafu nzuri. Halafu sijui.

Nilikuwa nyuma ya duka la Mama Spoku, muuza spea za baiskeli, najaza upepo. Ukuta wa pale ni bati tupu. Nikasikia wenzangu wawili wa chama cha baiskeli wakiongea ndani. Mmoja akasema Jalada apandishwe pikapu ile inayobeba maji, maana kila Jumapili tunaivia juani kwenye kila kona tukimngoja. Mwenzake akasema kweli, atapumzika na sisi tutapumzika.

Jalada ni mimi. Najalidi vitabu kiwandani, ndiyo maana ya jina. Miaka tisa kwenye chama! Eti nikae kwenye pikapu, katikati ya madumu!

Sikulia. Jicho liliingia upepo wa pampu.

Na maneno yenyewe yamekuja wakati mbaya. Mzee Tarishi, kiongozi wetu, alikuwa akisambaza barua kwa baiskeli tangu sijazaliwa, na sasa magoti yamemkataa. Jumapili hii atamtaja mrithi wake juu ya kilima, kwenye tangi la maji. Hakusema atamchagua vipi. Lakini ni wazi: atakayefika wa kwanza. Njia nyingine ipi ipo?

Nikaingia dukani kwa hasira, na hapo ndipo nilipoviona. Vimening'inia kwenye msumari, jozi mbili tu. Vibanio vya pedali! Unavifunga mbele ya pedali, unaingiza ncha ya kiatu, unakaza mkanda, na mguu hautoki tena. Ukikanyaga, unasukuma. Ukiinua, unavuta. Miguu miwili inafanya kazi ya minne.

Jozi moja ya plastiki, nyeusi, nyepesi kama ganda la njugu. Nyingine ya chuma, inang'aa. Nilisimama nayo hii mkono huu, nayo ile mkono ule, na duka likapotea. Nilijiona kwenye barabara nyeupe, magurudumu arobaini nyuma yangu yakinong'ona, na mimi mbele sigeuki.

Mama Spoku akaniuliza kama nimelala. Nikamwomba anieleze. Alisema plastiki ni nyepesi na haiumizi kiatu, ila ikichoka inakatika bila kuaga. Chuma kikipinda unakinyoosha, ila kinalia na kinakula ncha ya kiatu. Kisha akasema kibanio kizuri ni kile ambamo mguu unaweza kutoka.

Kutoka kwenda wapi? Huyu mama hajawahi kuota.

Nimeshindwa kuchagua. Nimemwomba avifiche vyote hadi kesho. Akasema mwisho saa sita mchana, hapa siyo gesti.

Jumanne, 4 Juni

Sikula asubuhi. Niliweka mkate na uma mezani: mkate ni plastiki, uma ni chuma. Dada yangu, ambaye tunaishi pamoja na ambaye hurekebisha miwani na kwa hiyo anajiona anaona kila kitu, akaniuliza nafanya nini. Nikamweleza. Akasema shida yangu haiko kwenye vidole vya miguu, iko hapa, akapigapiga tumbo langu kwa kijiko. Wakubwa huachwa waseme.

Kazini, balaa. Wino amesikia habari za vibanio! Wino ni mpiga chapa na mwenzangu chamani, mashine yake inatazamana na meza yangu ya gundi. Ana miguu mirefu hadi inachosha kuitazama. Hucheka kwa mabega, bila sauti. Watu wanampenda. Sijaelewa kwa nini. Akaniuliza, kwa upole wake ule wa kuudhi, mimi ningechukua jozi ipi.

Hapo akili yangu ikawaka kama kiberiti. Nikamwambia asijaribu chuma hata kidogo. Chuma kimemlia fundi mmoja viatu jozi tatu kwa mwezi. Fundi gani, akauliza. Nikasema hayuko tena. Akanishukuru, akaenda mchana kuchukua plastiki.

Nami nikachukua chuma. Ha! Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Vibanio viko mezani sasa, mbele yangu, kama mataji mawili madogo.

Jumatano, 5 Juni

Nani aliyeniambia nichukue chuma?

Kling, kling, kling, njia nzima. Mbwa wamenitangulia hadi kiwandani. Ncha ya kiatu changu cha kahawia, kile cha kuendea harusini, imechubuka kama kiazi.

Na hilo ndilo dogo. Pale njia panda, mbele ya duka la mikate, foleni ndefu, gari likasimama ghafla. Nikasimama pia. Baiskeli ilisimama, mimi nilisimama, ila miguu ilikuwa imefungwa. Nilianguka taratibu sana. Nilipata nafasi ya kumtazama kila mtu kwenye foleni, mmoja mmoja. Mwanamke mwenye kikapu alisema pole kabla sijafika chini.

Aliyeniokota ni nani? Wino. Alikuwa nyuma yangu na sikumsikia. Plastiki haina sauti! Alipiga magoti barabarani, akalegeza mkanda, akautoa mguu wangu kama mtu anavyotoa mkate kwenye tanuri. Akaniambia, "Kaka, mkanda usiukaze hivyo. Acha nafasi ya kidole kimoja."

Nikasema nilikuwa napima lami.

Mchana kutwa nilitazama baiskeli yake ukutani. Vile vibanio vyeusi, vimenyamaza, kama paka wawili waliolala. Amenipunja yule.

Alhamisi, 6 Juni

Ushindi!

Nilimwendea Wino na uso wa msiba. Nikamwambia sikulala kwa kumwazia. Plastiki inakatika kama biskuti, na ikikatika kwenye mteremko, basi tena. Mimi ni mtu mzima, sina mke, kiatu changu kikiliwa si neno. Yeye ana familia. Heri nibebe hatari mimi.

Aliacha mashine. Mabega yakaanza kutikisika kidogo, nadhani ni hisia. Akasema, "Ukiona hivyo, kaka, sawa." Tukabadilishana palepale, yeye na spana, mimi nikimshikia taa.

Jioni nilizunguka njia ndefu makusudi. Sijui niielezeje. Hakuna kelele. Jua limelala chini, vivuli vya nguzo vinapita juu ya mikono yangu kimoja kimoja. Miguu inazunguka yenyewe, imeshikwa kidogo tu, kama mtu anayekushika mkono sokoni usipotee. Nilipita nyumbani kwetu bila kupaona. Nilipita tena. Dada alikuwa amesimama mlangoni na upawa, akanipungia kama anayeaga meli.

Nitashinda. Naona hata hotuba.

Ijumaa, 7 Juni

Nisiandike leo. Lakini nani mwingine nitamwambia?

Asubuhi manyunyu, nikaingiza baiskeli ndani, nikaiegemeza karibu na jiko la gundi ikauke. Nikajisahau nikibandika mgongo wa kamusi. Niliposikia harufu nilidhani ni gundi. Kibanio cha kushoto kilikuwa kimelegea, kimeinama, kama ulimi wa ng'ombe.

Nikakinyoosha kwa mvuke. Sasa kina umbo la sikio.

Lakini mimi si wa kukwama. Nilikaa nikafikiri hadi mchana, kisha nikamwendea Wino na sayansi. Nikamweleza kwamba mguu wa kulia huvuta, wa kushoto husukuma. Kwa hiyo mpanda baiskeli kamili anahitaji chuma kulia, plastiki kushoto. Tugawane, kila mtu kimoja kimoja. Akauliza nimesoma wapi. Nikasema kwenye kitabu nilichojalidi. Kipi? Cha kijani.

Akakubali! Kisha akaona sikio. Nilikuwa nimelificha mgongoni, nikijiandaa kumpa hilo. Sikuwa na ubaya, ni mambo ya kugawana tu. Alilichukua, akaligeuzageuza, akalikandamiza kwa kidole gumba, akasema hili litamfaa yeye, mguu wake hauna adabu hata hivyo. Akanifungia mimi kile kizima.

Mtu asiyejua thamani ya vitu. Nilimwonea huruma hadi nikashindwa kumaliza chai.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefuta mnyororo, nimefuta kiti, nimefuta kengele. Dada amesema kama ningeifuta nyumba hivyo angekufa kwa furaha.

Mpango wa kesho. Kuondoka ni saa kumi na mbili asubuhi chini ya kilima. Lakini wenzangu hawaondoki saa kumi na mbili. Wanasalimiana. Wanaulizana za nyumbani, za kazi, za watoto, za mgongo. Mimi sitasalimia. Saa kumi na mbili kamili nakanyaga. Siyo wizi. Saa ni saa.

Jumapili, 9 Juni

Naandika yote, kama yalivyokuwa.

Ukungu! Sijawahi kuona ukungu wa namna ile. Nilifika chini ya kilima nikasikia sauti zao mahali fulani upande wa kushoto, vicheko, mtu anakohoa. Sikuwaona nao hawakuniona. Saa ikafika. Nikakanyaga.

Dunia ilikuwa hatua tatu mbele na hatua tatu nyuma. Mti ulikuja, ukanitazama, ukaondoka. Kona ya kwanza. Kona ya pili. Kwa miaka tisa nimekijua kilima hiki kwa migongo ya watu tu. Leo hakukuwa na mgongo. Nilisikia pumzi yangu ikirudi kutoka kwenye ukungu, laini, kama mtu wa pili anayepanda pamoja nami. Nikazungumza naye kidogo. Sioni aibu.

Kona ya tatu, tak! Plastiki imekatika. Kipande kikaruka pembeni mwa barabara. Sikusimama. Mguu wa kushoto ukawa huru kama mbuzi, wa kulia ukavuta. Nikapanda hivyo, nusu nimefungwa, nusu nimeachwa.

Kisha ukungu ukaisha, kama mtu aliyetoa kichwa kwenye blanketi. Tangi la maji, jua, na chini yangu mawingu meupe hadi mwisho wa macho. Hakuna mtu. Wa kwanza! Nilikaa na mgongo kwenye tangi, na vuguvugu la zege likaingia kwenye shati. Nilifurahi kiasi kwamba sikujua nifanye nini na mikono. Nikalitolea tangi hotuba yote. Lilisikiliza vizuri.

Nusu saa. Saa nzima. Nikaanza kuogopa kwamba wamerudi nyumbani.

Walipotokea walikuwa wakikokota baiskeli, wamelowa, hakuna anayecheka. Yule aliyetaka nipandishwe pikapu aliponiona alikaa chini katikati ya barabara, akashika kichwa. Mzee Tarishi akateremka kwenye pikapu na magoti yake, akaniuliza nilikuwa wapi. Nikasema hapa. Nikasema nimeshinda.

Kumbe walikuwa wakiningoja. Kila Jumapili huningoja kwanza chini, hata kabla ya kuanza. Sikujua. Walipochoka kungoja wakadhani nimepotelea kwenye ukungu, wakapanda wakiita. Wino alitangulia, na kwenye kona ya tatu akaokota kipande cheusi cha plastiki. Akaacha baiskeli, akateremka bondeni. Akapanda, akateremka tena upande wa pili.

Alifika wa mwisho. Suruali imelowa hadi mapajani, majani kichwani, sauti imekauka kwa kuita. Aliniona. Alikuja akakaa kando yangu, mgongo kwenye tangi, akanipa kile kipande. Tukatazama mawingu. Akasema, kwa kunong'ona maana ndiyo sauti iliyobaki, "Pazuri hapa, kaka."

Nikasema pazuri.

Mzee Tarishi akamtaja Wino. Hakutoa sababu. Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, sijui kwa nini nilipiga kwa nguvu hivyo. Na neno la kwanza la Wino kama kiongozi lilikuwa kwamba pikapu ni ya kubeba maji, watu wote watapanda kwa miguu yao, na atakayechoka kungoja alete kitabu.

Jumatatu, 10 Juni

Nimelala, nimeamka, nimeelewa yote.

Kwanza, nilishinda. Hilo halina ubishi. Pili, nilinyimwa kwa sababu ya plastiki. Kipande kisingeanguka pale, Wino asingepata nafasi ya kuloweka suruali mbele ya watu. Tatu, Wino ananiogopa. Ndiyo maana amekataza pikapu: anataka kuniweka mahali anaponiona.

Kwa hiyo nimemwekea mtego mpya, na humu hatoki mtu. Leo mchana nilimpelekea chai kwenye mashine. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu asiye na haja, kwamba viongozi wote wakubwa hupanda nyuma kabisa. Siyo mbele. Nyuma, na yule wa mwisho. Ni heshima. Akauliza nimesoma wapi. Kitabu cha kijani, nikasema.

Akanywa chai. Mabega yakatikisika. Akasema naye alikuwa akiwaza hivyohivyo, na kwamba kuanzia Jumapili atapanda nyuma kabisa, pamoja nami, kila wiki, mwaka mzima.

Mwaka mzima! Amekubali bila hata kubishana! Nimemweza.