Mpangaji Asiyehamishika

Jumatatu, 3 Juni

Nina hasira. Nitaandika kwa mpangilio hata hivyo.

Mama Mwenye Nyumba alikuja saa nne asubuhi. Akakaa kwenye kiti changu, kile chenye mkono uliolegea, ambacho nimemkataza kila mtu. Akanywa chai yetu vikombe viwili. Kisha akasema anaiuza nyumba. Hivi hivi! Anahamia kwa binti yake. Miaka kumi na tisa tumepanga humu. Ukuta wa sebule nimeupaka rangi mara nne kwa mkono wangu mwenyewe.

Anasema hataki dalali wa kijiweni. Anataka mwenye leseni, atakayempatia mnunuzi kabla mwezi haujaisha. Tena kuna mtu tayari ameiomba kazi hiyo na anakwenda kufanya mtihani wa leseni. Nikauliza nani. Akasema si shemeji yako, yule Funguo!

Funguo ni mdogo wake mke wangu. Tunamwita hivyo kwa sababu hutembea na shada la funguo kiunoni, na nina hakika nusu yake hazifungui chochote. Husikika kabla hajaonekana. Akiiuza yeye, atamuuzia mtu wa kwanza atakayepita barabarani, na sisi tutakuwa nje na makabati yetu.

Mpango: leseni nitaipata mimi. Dalali ndiye anayeamua nani aoneshwe nyumba. Nitamwonesha mtu mmoja tu, anayetaka kununua nyumba pamoja na wapangaji wake watulivu. Kwisha.

Mke wangu ameuliza kwa nini tusimwombe tu Mama Mwenye Nyumba amwambie mnunuzi atuache tukae. Nikamweleza kwa upole kwamba mambo ya mali hayaendeshwi kwa kuombana, yanaendeshwa kwa taratibu. Nilieleza nusu saa. Aliondoka katikati, akatoka kumsindikiza Mama Mwenye Nyumba hadi getini. Walikaa huko muda mrefu. Umbea.

Jumanne, 4 Juni

Ofisi ya usajili. Yanatakiwa: cheti cha shule, cheti cha tabia njema kutoka polisi, mafunzo ya wiki moja, mtihani. Hayo tu. Nimefundisha Kiswahili sekondari miaka thelathini na moja, na sasa niombe ruhusa ya kumfungulia mtu mlango!

Karani alinitazama juu ya miwani, akauliza kama nimekuja kumwandikisha mjukuu. Nikasema najiandikisha mimi. Akasema ahaa. Hiyo ahaa nitaikumbuka.

Nyuma yangu, chwe chwe chwe. Funguo. Shikamoo shemeji, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Akamwambia karani amhudumie mzee vizuri, maana huyu ndiye aliyemtandika viboko sita kwa kuandika “hasa” kama “haswa”. Foleni nzima ikaanika meno.

Vilikuwa vinne.

Alhamisi, 6 Juni

Polisi, kwa ajili ya alama za vidole. Askari alinishika kidole gumba, akakipaka wino, akakibandika. Doa jeusi. Akarudia. Doa. Vidole vyote kumi, madoa kumi! Akaniuliza, macho makavu, mzee ulikuwa unafanya kazi gani, mbona huna alama? Kana kwamba nilizifuta makusudi ili nikaibe benki.

Nikamweleza. Ni chaki. Chaki ni unga mkavu. Hukausha ngozi na kuisugua kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Nilimchorea kidole kwenye karatasi, chenye mistari na kisicho na mistari. Aliniambia karatasi ile ilikuwa fomu. Akaniagiza nipake mafuta ya mgando siku tatu, nirudi Jumapili asubuhi, yuko zamu.

Ndiyo kusema taifa zima limesoma kwa vidole vyangu, na sasa vidole havitambuliki. Mke wangu amenipaka mafuta huku uso ameugeuza. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

Jumatatu, 10 Juni

Alama tisa zilitoka jana. Cheti ninacho.

Mafunzo yameanza. Mkufunzi ni binti wa umri wa mwanangu wa mwisho. Kaingia, kasalimia, kaandika ubaoni kwa herufi kubwa: UWAKALA WA MALI ISIOHAMISHIKA.

Nilivumilia. Naapa nilivumilia dakika tano nzima. Kisha nikanyoosha mkono. Nikaeleza kwamba mlango ni “usiofungika”, sawa, maana mlango ni u-i. Lakini mali ni i-zi, na kirejeshi chake ni “yo”. Isiyohamishika. Panatakiwa Y. Nikatembea hadi ubaoni nikaiweka mwenyewe.

Binti akanisubiri nimalize, akasema mzee wangu, ahsante, ila hapa tunauza nyumba, hatuuzi ngeli. Darasa likaangua kicheko. Funguo alicheka hadi kiuno kizima kikalia.

Akaifuta ile Y! Alidai anafuta ubao wote, lakini alianzia pale.

Jumatano, 12 Juni

Funguo alikuja nyumbani na daftari lake. Hajaelewa kitu. Akajisogeza kwa sauti ya asali: shemeji, tuseme kweli, duniani hakuna anayeeleza kama wewe. Niliujua mtego tangu neno la kwanza. Ni wa kitoto. Nilimfundisha saa tatu.

Ni ugonjwa. Siwezi kumwona mtu hajaelewa nikanyamaza. Nilimweleza kwamba dalali ni mtumishi wa aliyemtuma, si wa moyo wake. Kwamba kasoro ya nyumba anayoijua lazima amweleze mnunuzi, hata kama inaharibu biashara. Kwamba akiwa na maslahi yake binafsi katika nyumba anayoiuza, lazima aseme mapema, la sivyo ni udanganyifu. Nilimpa mfano mzuri sana: dalali anayeishi ndani ya nyumba ile ile na hataki kuhama. Funguo akaniangalia kidogo. Akauliza mtu kama huyo tunamwitaje. Nikasema tapeli. Akaandika.

Katikati ya somo mke wangu aliingia, akasema ana jambo la kuniambia kuhusu Mama Mwenye Nyumba. Nilimwomba asinikatize. Akaingia tena. Nikamwomba tena. Funguo akasema dada, mwache mwalimu. Wakatazamana na kucheka. Ukoo ule hauna adabu.

Jumamosi, 15 Juni

Mtihani. Maswali arobaini, saa mbili. Nilivaa tai.

Swali la kwanza: “Dalali ambaye aliyepewa kazi ya kuuza mali isiohamishika afanye nini kwanza?” Nilisoma mara tatu. Damu ikanichemka. “Ambaye aliyepewa”! Virejeshi viwili kwa mtu mmoja, kama mtu aliyevaa kofia mbili. Na Y haipo.

Mfukoni nina kalamu nyekundu. Ninayo daima. Nikasahihisha. Swali la pili, “nyumba mwenye nyufa”. Nyumba si mtu! Nikasahihisha na kuandika sababu pembeni, maana masahihisho bila sababu ni ukatili. Swali la tano ilinipasa kuliandika upya lote. Nilipofika la kumi na nne msimamizi akasema kalamu chini.

Nilikuwa sijajibu hata moja. Lakini karatasi ilikuwa safi kuliko ilivyokuja. Juu yake nikaandika 31/100, Jitahidi zaidi, nikaweka sahihi.

Alhamisi, 20 Juni

Sifuri!

Si kumi. Si tano. Barua inasema mtahiniwa “ameharibu karatasi ya mtihani”. Ameharibu! Na barua yenyewe imeandikwa “isiohamishika” mara mbili.

Funguo amepata tisini na mbili. Alikuja na leseni ikiwa ndani ya plastiki, akaiweka mezani karibu na kikombe changu. Akasema swali la maslahi binafsi lilitoka, akajibu kwa mfano wangu ule ule wa tapeli. Akanishukuru kwa mikono miwili. Jumamosi analeta mnunuzi.

Mpango mpya. Sina leseni, lakini nina mdomo. Kasoro lazima zielezwe? Nitazieleza mimi.

Jumamosi, 22 Juni

Mnunuzi ni nesi mstaafu, mama mnene wa sauti ndogo, mwenye daftari. Funguo akaanza kusifu madirisha. Nikamwambia mgeni anifuate mimi.

Sikumwacha na kitu. Mlango wa jikoni hugoma mvua zikianza, kwa hiyo uinuliwe kidogo ndipo usukumwe. Ufa wa chumba cha pili unaanza nyuma ya kabati. Nimekuwa nikiupima kwa rula kila mwaka, hii hapa orodha. Bomba la bafuni huimba. Bati la kona ya kaskazini lina matobo matatu. Hili nililiziba mimi, hili fundi, hili limejifungua tena. Nilimpandisha hadi juu ya ngazi aone. Saa nzima na robo. Funguo alikaa chini kwenye kizingiti, kichwa mikononi. Hata zile funguo hazikulia.

Ushindi! Nesi alishuka ngazi anahema. Akafunga daftari. Akasema katika nyumba saba alizooneshwa, watu wote walimdanganya, na leo ndiyo mara ya kwanza anaambiwa ukweli. Ananunua.

Nilimwambia hajauona msingi. Akasema hana haja.

Mke wangu akamkaribisha jikoni. Nilisikia wanacheka. Mimi nilibaki sebuleni, kwenye kiti changu, nikauvunja ule mkono uliolegea.

Jumatatu, 24 Juni

Nimepata kujua jambo, na nina hasira kuliko siku zote.

Hatuhami. Kumbe mke wangu alimwomba Mama Mwenye Nyumba pale pale getini, tarehe tatu. Mama akakubali, akamwagiza Funguo atafute mnunuzi atakayetuacha tukae. Kumbe wanunuzi kadhaa wa Funguo walikataa sharti hilo, ndiyo maana hawakuletwa hapa. Nesi hataki kuishi humu; anataka nyumba ya kupangisha, na jikoni alimwambia mke wangu kwamba baada ya ile saa na robo, nani mwingine angeweza kukaa na mlango ule?

Wiki tatu nzima! Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema Mwalimu, nilikuja Jumatano mara mbili, ukasema nisikukatize.

Nikamweleza tofauti ya kukatiza na kutoa taarifa. Aliondoka katikati.

Jumanne, 25 Juni

Mkataba umeletwa jana jioni tuusome. Unasainiwa leo saa tatu kwa wakili. Kauandika Funguo mwenyewe, dalali mwenye leseni. Kurasa nne. “Isiohamishika” mara kumi na moja!

Mke wangu aliniambia nisiuguse. Alisema ukishasainiwa hivyo ndivyo ulivyo, na kifungu cha saba ndicho kinachotulinda sisi, kwa hiyo tafadhali. Alichukua hata kalamu yangu nyekundu. Anasahau kwamba mwalimu hanunui kalamu moja.

Nimeamka mapema nikaufanyia kazi. Y zote kumi na moja zimekaa mahali pake. Kifungu cha saba ndicho kilichonishinda: “Wapangaji ambao waliopo kwenye nyumba mwenye mkataba huu wataendelea kukaa.” Kofia mbili tena, na nyumba imekuwa mtu! Sentensi kama hiyo hairekebishiki. Nimeipiga mstari yote kwa rula, kuanzia mwanzo hadi nukta, na pembeni nikaandika: Iondolewe. Nitatunga nyingine inayostahili, nikishatuliza kichwa. Kwa jumla nimewapa 52.

Funguo amepita saa mbili na nusu akauchukua mbio mbio, hakuufungua hata. Nesi na Mama Mwenye Nyumba wanasubiri kwa wakili. Nimezisikia funguo zikiishia mwisho wa barabara.

Mke wangu ametoka jikoni akauliza kama kifungu chetu kiko sawa. Nimemjibu kwamba hakikuwa sawa, ndiyo maana nimekitoa.

Amekimbia nje bila viatu. Sijui haraka ya nini. Nilikuwa nimeanza tu kumweleza.