Msimamizi wa Msalaba wa Bi Chencha

Jumatatu, 6 Mei

Shwa, shwa, shwa. Halafu ndoo ya maji ikimwagwa barabarani. Halafu mpini wa ufagio kwenye geti la chuma, mara mbili: kahawa tayari. Miaka minne nimeamshwa hivyo. Leo nilikaa kitandani nikiisubiri sauti ile, Mkanada mtu mzima mwenye shahada mbili, ilhali tulimzika jana.

Bi Chencha, mwenye nyumba wangu. Moyo. Alikuwa mezani anachambua maharage.

Sasa nyumba ni ya binti yake, Eloísa. Mchana ameniambia, bila kunitazama, kwamba msalaba ukishanyanyuliwa tutazungumza juu ya chumba changu. Najua maana yake. Mimi ndiye niliyeandika kidokezo hicho, kwenye ukurasa wa mtandaoni ninaowaandikia wageni wanaohamia hapa Oaxaca, Meksiko: mtu wa hapa hakufukuzi, anakuambia mtazungumza baadaye.

Chumba chenyewe kiko juu ya paa, kati ya tangi la maji na kamba za nguo. Mwezi huu kinaoka, Januari kinagandisha. Sina pengine duniani ninapotaka kuwa.

Kwa hiyo, mpango. Rozari itasaliwa hapa kila jioni hadi Jumatatu ijayo. Siku hiyo msalaba wa chokaa uliochorwa sakafuni, pale lilipolazwa jeneza, utazolewa, ndiko kuunyanyua, na msimamizi ataleta msalaba wa mbao wa kupeleka kaburini. Msimamizi huombwa na familia. Akikubali, anakuwa ndugu wa nyumba mpaka kufa. Na ndugu haambiwi ahame.

Msimamizi nitakuwa mimi.

Jumanne, 7 Mei

Mkakati wa kwanza: kuonekana. Nimenunua shada la maua meupe, kubwa kuliko yote sokoni. Halikupita mlangoni. Wanaume watatu wamelisukuma, maua yamepukutika juu ya msalaba wa chokaa na kufuta mkono wake wa kushoto. Imebidi mchoraji aitwe tena.

Nyuma yangu kaingia Wendell na kilo mbili za sukari. Akasalimia mtu mmoja mmoja, chumba kizima, akampa Shangazi Toña sukari. Wote wakanong'ona kwamba huyu Mmarekani amelelewa vizuri.

Wendell ni mstaafu kutoka Ohio, mwenyekiti wa chama cha wageni. Miaka kumi na moja hapa, na Kihispania chake hakivuki salamu. Mambo ya sukari na kusalimia mmoja mmoja kayatoa kwenye ukurasa wangu! Nimeyaandika mimi. Sikuyasoma.

Alipewa kiti chenye mito. Mimi nilipotafuta pa kukaa, Shangazi Toña, mdogo wake marehemu, alinishika kiwiko na kunipeleka jikoni kuosha vikombe.

Jumatano, 8 Mei

Nimekariri majibu yote ya rozari, na litania pia. Jioni nimeitikia kwa sauti ya kusikika. Kwa bahati mbaya nimeitikia mahali ambapo watu hunyamaza. Mtoto mmoja kacheka, kapigwa kofi, kalia. Wendell, ambaye hajui hata neno moja, aliinamisha kichwa muda wote. Mama mmoja akasema ana imani ya kimya.

Vikombe tena. Shangazi Toña anasema mikono yangu ni mizembe, na kwamba dada yake alinidekeza.

Ni kweli. Alikuwa ananiwekea utando wa juu wa maziwa.

Ijumaa, 10 Mei

Siku ya Akina Mama. Alfajiri wapiga gitaa walikuja kuwaimbia akina mama wa mtaa, mlango hadi mlango. Walipofika kwetu wakashusha gitaa, wakapita kimya. Niliwasikia wakinyata. Eloísa alikuwa amesimama uani kashika sufuria tupu. Nilitaka kushuka. Sikujua kidokezo kinasemaje. Nikabaki juu nikiwa nimeshika kamba ya nguo, mpaka akaingia ndani.

Jioni nimejaribu mbinu mpya: kubeba sinia la vikombe vya chokoleti ya moto kwa wageni wote mwenyewe, nionekane na kila mtu. Nimepita mara mbili kwa mwendo wa huzuni. Shangazi Toña akanipazia sauti kutoka jikoni, mbele za watu:

"We Brígida, huko unamwonyesha nani gauni? Njoo, chungu kinamwagika!"

Ukumbi mzima ulicheka, hata waliokuwa wanalia. Wendell alikuwa anakula mkate wake wa tatu.

Jumamosi, 11 Mei

Mkakati mkubwa. Nimekwenda kwa seremala na kuagiza msalaba. Mwerezi mzuri, jina lake kamili limechongwa: Crescencia Matadamas. Nitakapoombwa, nitakuwa tayari wakati wengine bado wanatafuta mbao. Seremala akauliza kama familia imeniomba. Nikasema ni suala la muda tu. Akachukua randa.

Nimeupitisha uani ukiwa umefungwa kwenye shuka langu, nikaufichia chini ya kitanda. Kipande kinachomoza. Nimekitundikia taulo.

Jumapili, 12 Mei

Wamemwomba Wendell.

Eloísa na kaka zake walimwendea kwake na kapu la mikate na chupa ya mezcal, pombe kali ya hapa, kama desturi. Yeye mwenyewe kanieleza, macho mekundu, kwamba hakuelewa walichosema ila alielewa walivyokaa, akakubali. Akaniuliza mimi, mtaalamu, msimamizi hufanya nini.

Nikamweleza. Kila kitu, kwa utaratibu, hata aina ya mbao. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa. Kisha nikapanda juu nikauma mto.

Jioni sikupewa kiti. Juma zima hakuna aliyenipa kiti. Nimeosha vikombe vya mji mzima, nimemenya vitunguu, nimetumwa gesi, nimetumwa barafu, nimekaripiwa kuliko mbwa. Ndivyo wanavyomtendea mpangaji anayeondoka.

Jumatatu, 13 Mei

Afadhali niondoke kabla ya kuambiwa. Hiyo ndiyo heshima.

Asubuhi msalaba wa chokaa ulizolewa, Wendell akiwa amepiga magoti na kibrashi, analia kama mtoto. Waliponiita twende makaburini nikasema kichwa kinauma. Geti lilipofungwa nikashusha sanduku langu.

Msalaba wangu wa mwerezi haukuingia kwenye teksi. Tukaufunga juu. Dereva akavua kofia, akaendesha polepole mno, na njia nzima watu walisimama wakafanya ishara ya msalaba. Bibi mmoja alitupa ua dirishani. Nikaambiwa pole mara nyingi. Sikuweza kusema kwamba nilikuwa nahama tu.

Nimepanga nyumba ya wageni upande wa pili wa mji. Ukuta mrefu, mlinzi, Wakanada wenzangu pande zote. Kwenye ukurasa wangu nimekataza mara nyingi watu kupanga mahali kama hapa.

Jumanne, 14 Mei

Kumbe dereva wa teksi ni binamu wa seremala. Eloísa kafika kabla ya saa sita. Hakukaa. Aliutazama msalaba uliosimama kando ya friji, akasoma jina la mama yake, akapitisha kidole kwenye herufi ya kwanza.

Akaniuliza nilikuwa na nini na wao. Nikasema, kwa utulivu, kwamba ningependa tu kujua kwa nini Wendell.

"Msimamizi anatafutwa nje, Brígida. Watu wa nyumbani hawaombwi. Wewe tungekutafutia nje ipi?"

Nikasema sikupewa hata kiti.

"Umemwona nani wa nyumbani kapewa kiti? Mimi nilikaa? Toña alikaa?"

Halafu, akiutazama mlango, akasema lile la chumba. Walitaka nishuke kutoka juu ya paa. Nihamie chumba cha mama, kile cha karibu na jikoni. Hakuna mwingine ambaye wangeweza kumvumilia humo. Juma lile asingeweza kulisema bila kulia, ndiyo maana akasema baadaye.

Hapo ndipo ningesema ndiyo. Neno lenyewe ni fupi. Badala yake nikasikia mdomo wangu ukieleza kwamba hapa pana utulivu wa kuandikia, na kwamba nimekwisha panga vitabu. Vitabu viko sandukuni mpaka sasa.

Akasema sawa, dada. Akaniachia kifurushi cha tamali, zile za unga wa mahindi zinazopikwa ndani ya majani. Nimezila nikiwa nimesimama.

Alhamisi, 16 Mei

Hapa hawafagii. Mtu mmoja hupita na mashine ya kupuliza majani, yanahamia kwa jirani.

Nimeandika kidokezo kipya: katika nyumba ya msiba, ukitumwa jikoni, nenda. Wasomaji wamekipenda mno. Wendell ndiye wa kwanza kunishukuru.

Ningeweza kumwendea Eloísa nikasema nilikosea, nataka kurudi. Nimeliangalia wazo hilo toka pande zote. Halina mkakati wowote ndani yake.

Kwa hiyo nimepata bora zaidi, na nimeanza leo. Kabla ya mapambazuko nilivuka mji kwa miguu. Ufagio wake bado wanauegemeza nje, pembeni ya geti. Nikafagia mbele ya nyumba yote, taratibu, kama yeye, kuanzia kwenye mti hadi kona. Nikamwaga maji. Nitafanya hivyo kila siku, kwa siri, mpaka wajiulize ni nani, wachunguze, wagundue, na waje wenyewe na kapu la mikate kuniomba nirudi.

Nilikuwa narudisha ufagio mahali pake niliposikia geti likigongwa kutoka ndani. Kwa kijiko, nadhani. Mara mbili, kama ya kahawa.

Nikakimbia mpaka sokoni. Kesho nitakwenda mapema zaidi, wasije wakanikuta.