Moyo Nilioupaka Kwenye Matairi

Jumatano, 3 Juni 1998

Kwa hiyo nilichokuwa najaribu kumwambia Kimani, kabla hajaanza kucheka, ni kwamba Njombe, kwao mke wangu, kuna baridi! Baridi ya kweli. Lakini huyu Mkenya, jirani yetu wa ofisi hapa China, jengo la Tianxiu Dasha, baba yake ana gereji Nairobi, basi kila chenye magurudumu anakijua yeye. Akasema matairi ya baridi ni ya watu wa theluji. Nikilivalisha gari langu lililoko Dar, Selika, matairi hayo, lami ya Dar hadi Morogoro itayala kama ufutio. Nichukue ya majira yote, niache ushamba. "Ama unataka kumwendesha bibi juu ya friji, Bwana Arusi?" Mbele ya wateja!

Hakuwepo Njombe Julai iliyopita. Mimi nilikuwepo. Alfajiri, nyasi nyeupe kwa sakitu, na mimi mtoto wa Dar nilikuwa sijawahi kuona umande umeganda. Nikaja kwa kasi ili Kalista asikie injini. Nikakanyaga breki. Gari likakataa. Likateleza taratibu, kwa adabu kabisa, hadi katikati ya kabichi za baba yake. Kalista akatoka na kanga begani, akacheka mpaka akakaa chini. Hapo hapo nikajua. Miezi sita baadaye tukafunga ndoa. Kicheko kile!

Baba mkwe hakucheka. Jana ametuma faksi kupitia parokia: tunakaribishwa mwisho wa mwezi, ila gari likigusa kabichi tena, mimi nitakula humo humo bustanini na binti yake atarudi Dar kwa basi. Na Kalista wangu amekumbuka kwao mpaka anaota viazi. Nimemwahidi atashuka mlangoni, kutoka kiti cha kando yangu, kama malkia. Matairi ya sasa ni vipara, na saizi yake Dar haipatikani. Lazima nipate hapa.

Ijumaa, 5 Juni

Nimeyaona yote mawili! Duka moja mtaa wa Sanyuanli. Tairi la baridi ni laini, limechanjwachanjwa kama samaki wa kukaanga. La majira yote ni gumu kidogo, limetulia, halina makuu. Laobani, yaani mwenye duka, akasema yote mazuri. Hilo halikunisaidia.

Nikabuni jaribio. Nikaazima moja moja, nikayapeleka kwa teksi soko la samaki, kwenye mabonge ya barafu. Akili gani hii! Tairi la baridi likashika. La majira yote nalo likashika. Nikalisukuma kwa nguvu zaidi, kwa ajili ya haki. Likateremka, likapita katikati ya wanunuzi, likaingia kwenye beseni la kaa. Mama mwenye kaa alisema mengi. Sikuelewa neno, ila nilielewa yote. Nilirudi nyumbani nikinuka kaa, na Kalista akanikumbatia hivyo hivyo. Nani ana mke kama wangu?

Akaniuliza, kwa upole, kwa nini nisiingie kwao polepole tu.

Polepole! Na Selika!

Jumamosi, 6 Juni

Nimepata jibu, na ni zuri mno. Mawili ya baridi mbele, kwa ajili ya Njombe. Mawili ya majira yote nyuma, kwa ajili ya Morogoro. Kimani akasema gari litakuwa na sweta mbele na kaptula nyuma, na kwenye kona ya kwanza nyuma itataka kutangulia. Wivu. Hana mke.

Yanakwenda kwa ndege, kwenye mzigo wa pamoja, ili yawahi. Vijana wa wakala wa mizigo hawasomi majina yetu. Wanatenganisha mizigo kwa alama. Yangu siku zote ni E.M., herufi za jina langu. Lakini Eliakimu ni yule kapera wa zamani! Nikachukua rangi nyekundu, nikachora moyo kwenye kila tairi. Kalista akauliza kama nimemwarifu wakala. Nikamwambia moyo haukosei njia.

Jumanne, 9 Juni

Umekosea njia.

Kumbe Mildred wa ghorofa ya tano, anayepeleka mapambo ya arusi Nairobi, alama yake ni moyo. Miaka miwili sasa! Jengo zima linajua. Matairi yangu yameruka hadi Nairobi na maboksi kumi na moja ya maua ya plastiki. Kimani alilazimika kutoka nje ili acheke vizuri.

Ijumaa, 12 Juni

Mildred, mtu mwema, amempigia simu dada yake wa Nairobi. Amechelewa. Dada alidhani ni mtindo mpya kutoka China. Ameyapaka rangi nyeupe, ameyajaza maua, na kesho yanasimama ukumbini, mawili kila upande wa maharusi. Mioyo ameiacha. Amesema imependeza.

Nilikaa kitandani. Kalista akaketi kando yangu. Akasema yeye hakumpenda mtu wa matairi mazuri. Aliyempenda alishuka garini na jani la kabichi kwenye kiatu, akaamkia watu. Twende na vipara, akasema, nipunguze mwendo tangu kwenye msalaba wa kanisa la kwao, tuingie taratibu. Halafu akacheka kile kicheko cha Julai. Machozi yalinitoka. Nikaapa. Polepole.

Jumapili, 14 Juni

Nimenunua mengine manne. Mawili ya baridi, mawili ya majira yote. Moyo nimechora tena, ila safari hii mkubwa, wenye mshale, hakuna atakayeuchanganya. Wakala nitamwarifu nikipata nafasi.

Polepole nimekubali, isipokuwa mita mia za mwisho. Injini lazima isikike.

Nimetuma faksi parokia: "Baba, shikamoo. Kabla mwezi huu haujaisha tutakuwa hapo kwako, mimi na Kalista, mlangoni kabisa. Kama inawezekana, vuna kabichi mapema."