Kikaratasi cha Spiriti Tupu

Tarehe 14 Machi, saa nne na dakika kumi asubuhi, mtafiti mmoja wa kemia aliandika kwa wino mwekundu katika daftari la maabara: "Bakteria wamekufa. Wote."

Nyumbani walimwita Daktari Kesho, maana kwa miaka sita shahada yake ya uzamivu ilikuwa inakamilika kesho. Miaka yote hiyo alikuwa akitengeneza chumvi moja ya molekuli zenye umbo la pete kubwa, zilizobeba nitrojeni, ambayo kwa maelezo yake ingekausha kila kidonda duniani. Sasa, kwenye kisahani cha bakteria, kila kikaratasi alichokichovya katika chumvi hiyo iliyoyeyushwa kwa spiriti kilikuwa kimezungukwa na duara safi lisilo na bakteria. Kesho ilikuwa imefika! Kabla ya mchana alishaagiza kibao cha mlango chenye "Dkt."

Fundi wa maabara, mama asiyecheka ovyo, alikiangalia kisahani, akauliza kikaratasi cha spiriti tupu kiko wapi.

"Dada, bwana harusi hapimwi na gari lililomleta."

"Hupimwa, kama gari ndilo lililogonga watu."

Daktari Kesho akaondoka kifua mbele kwenda kumwalika mama mkwe wake, aliyekuwa akiilisha nyumba yao mwaka wa tatu sasa, aje Ijumaa kushuhudia utetezi wa tasnifu yake.

Ijumaa mama mkwe alikaa mstari wa mbele, amevaa kama anayeozesha. Mkwewe alinguruma nusu saa nzima, akiifananisha chumvi yake na jeshi linaloingia mjini bila kubisha hodi. Kisha mtahini akauliza swali lilelile la fundi.

Daktari Kesho akaanza upya habari ya jeshi.

Fundi akasimama na kisahani alichokuwa amekiandaa mwenyewe. Kushoto, chumvi. Kulia, spiriti tupu. Vikaratasi vyote viwili alikuwa ameviweka vikiwa vibichi, kama alivyozoea kufanya Daktari Kesho, ambaye haraka zake hazikumruhusu kusubiri spiriti ikauke.

Duara la spiriti lilikuwa kubwa zaidi. Mtahini alilipima kwa rula mara mbili, nadhani kwa huruma.

Mama mkwe akainama mbele, akauliza kwa sauti aliyodhani ni ya chini: "Mwanangu, kwa hiyo, hiyo chumvi yako inawakinga bakteria?"

Mtahini alikuwa analiandika swali hilo.

Daktari Kesho ameongezewa mwaka mmoja. Jumatatu saa mbili asubuhi anaanza upya, chini ya macho ya fundi. Kibao cha mlango kinafika Jumanne.